Daftari Yangu na Programu ya Mwelu

Walisema Mwelu ameuza majina yetu.

Sikusikia kwa mtu mmoja ili nimfuate nimuulize. Nilisikia kwa mama wa kuuza nyanya pale Kyumbi, nikasikia tena kisimani, halafu Jumapili nje ya kanisa watu wawili wakanyamaza nilipofika. Ati Mwelu wa Mbinya amechukua majina ya wamama wote wa kikundi, na nambari zao za simu, akapelekea watu wa siasa, akalipwa. Wengine walisema alilipiwa Nairobi. Mmoja alisema alilipwa kwa dola. Maneno hayo yalikaa na mimi kama mchanga kwenye kiatu. Unakung'uta, unatembea hatua mbili, uko palepale.

Mbinya ni mimi. Mwelu ni mtoto wangu, msichana, ana miaka ishirini na nane. Naandika haya kwa wazazi walio na watoto wanaofanya kazi ya kompyuta peke yao, bila kuandikwa kazi na mtu. Mimi nilifika darasa la saba nikatoka, kwa hivyo mahali nimekosea mnisamehe, msome tu mfike mwisho.

Kikundi chetu ni cha mwethya. Kwa wasiojua, mwethya ni kusaidiana kazi. Sisi ni watu ishirini na sita, karibu wote wamama. Kila Jumanne tunaenda kwa shamba la mmoja wetu tunachimba mitaro ya fanya juu, ile ya kutupa udongo upande wa juu, ili mvua isibebe udongo mpaka mtoni. Leo kwako, wiki ijayo kwangu. Kinacholeta vita kwa mwethya si jembe, ni zamu. Nani alikuja, nani hakuja, nani aliruka, nani anadai kuchimbiwa. Mimi ndiye karani, na nimekuwa karani miaka kumi na moja. Nilikuwa naandika yote kwa daftari ya kurasa mia mbili, yenye jalada gumu.

Mwelu alikuwa ameajiriwa Nairobi na kampuni ya kompyuta. Siku moja akarudi nyumbani na begi moja mgongoni, akasema ameacha, anataka kutengeneza kitu chake mwenyewe akiuze mwenyewe.

Nikamuuliza, "Sasa nani amekuandika?"

"Sijaandikwa na mtu, mwaitu. Nimejiandika."

Mwaitu ni mama, ndivyo ananiita. Niliingia jikoni nikajifanya naangalia moto, na moto ulikuwa umezima tangu asubuhi.

Watu wakiniuliza Mwelu anafanya kazi wapi siku hizo, nilikuwa nasema yuko kwa kompyuta. Hawakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza. Usiku niliomba aandikwe kaunti, hata kama ni kufungua mlango.

Kitu alichotengeneza kilitoka kwa daftari yangu. Aliketi na mimi jioni nyingi akiipekua ukurasa kwa ukurasa. Aliuliza duara hii ni ya nini. Nikamwambia hiyo ni mtu alikosa kuja lakini akatuma mtu wa badala. Akauliza, na duara yenye nukta katikati? Nikamwambia hiyo ni mtu alituma mtu wa badala, na huyo mtu akaja kula isyo tu, mahindi na maharagwe ya kikundi, hakushika jembe. Mwelu alicheka mpaka akafuta machozi. Nilidhani ni mzaha, umeisha hapo. Lakini programu ilipokamilika, nikaona kwa simu kuna mahali pa kubonyeza duara, na mahali pa kubonyeza duara yenye nukta.

Ilimchukua miezi kumi na minne. Aliiita Zamu. Karani anaweka kwa simu yake kubwa, na wengine wenye simu ndogo za tochi wanapata meseji siku moja kabla: kesho ni kwa Kamene, beba jembe na karai. Sisi tulipewa bure kwa sababu ni sisi tulianza nayo, mwezi wa sita mwaka jana. Vikundi vingine vilikuwa vinalipa kwa mwaka.

Mwanzoni ilikuwa na kasoro. Mvua ikinyesha sisi hatuchimbi, zamu inasongezwa mbele, na hiyo kila mtu anajua bila kuambiwa. Programu haikujua mvua. Jumanne moja ilinyesha, ikaandika watu wote ishirini na sita hawakuja, hata mwenye shamba hakuja kwa shamba lake. Kamene, ambaye hakosi neno, alinipigia akaniuliza kama mtoto wangu anataka tuchimbe tukiogelea. Mwelu alikaa siku mbili akarekebisha. Nilidhani mteja wa programu ananunua anaenda, kama mtu wa kununua sufuria. Kumbe anakuja na wewe maisha. Karani wa Masii alikuwa anapiga alfajiri kabla jogoo hawajamaliza, amesahau nambari ya siri tena, na Mwelu anaketi kitandani anamwelekeza polepole, kama anaongea na mgonjwa.

Kwetu stima inapotea sana, kwa hivyo alikodisha kona katika duka la simu la Hoodo, mjini Machakos. Hoodo ni mfanyabiashara, watu wake walikuja zamani na biashara ya ng'ombe, yeye akafungua duka la simu. Nilienda huko mara moja kupeleka chakula. Hoodo akaniambia, "Mama Mwelu, huyu mtoto wako hali. Anaangalia hiyo kioo kama ngamia ameona maji." Kisha akasema neno lingine ambalo sikulitilia maanani. Alisema katika wote waliowahi kukodisha hiyo kona, huyu ndiye wa kwanza ambaye wateja wanarudi kumsalimia.

Vikundi vilifika kumi na tisa. Ndipo shirika moja la kujenga mabwawa ya mchanga likamwandikia. Lina vikundi sitini na vinne vya mwethya, kutoka huku kwetu mpaka Kivaa na Masinga, na lilikuwa linataka vyote viwe kwa Zamu. Mwelu alinipa habari hiyo akiwa amesimama, begi bado mgongoni.

"Wakikubali, mwaitu, sitatafuta kuandikwa tena. Hii itakuwa kazi yangu."

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu. Mtu wa shirika angekuja Jumanne kuuliza wanakikundi wetu, kwa vile sisi ndio tumeitumia zaidi. Tukisema ni nzuri, wanaweka sahihi.

Wiki moja kabla ya Jumanne hiyo, meseji zikaingia.

Zilitoka kwa mtu anayetaka kiti cha wadi. Zilikuja kwa kila mmoja wetu, na kila mmoja aliitwa jina lake. Yangu ilisema: Habari Mama Mwelu Karani. Mimi ni kijana wenu. Nakuomba kura yako. Toroli za kikundi zinakuja.

Sisi tumezoea meseji za siasa, lakini za kuitwa jina hatukuwa tumezoea. Watu wakaanza kuuliza amejuaje. Jibu lilikuwa karibu. Majina yetu yote yako wapi? Kwa Zamu. Nambari zetu ziko wapi? Kwa Zamu. Zamu ni ya nani? Mwelu hana mwajiri, na bado anakula. Basi.

Wiki hiyohiyo nikasikia wakili kwa redio akisema mtu akiuza habari za watu anafungwa au analipa faini ya kumaliza shamba. Nilikuwa napepeta maharagwe. Niliendelea kupepeta. Nilikuwa naona mikono ya Mwelu imefungwa pingu, na sikulia, nilipepeta tu mpaka maharagwe yakabaki bila hata kijiti kimoja.

Jumatatu jioni nilimuuliza.

"Mwelu, umeuza?"

"Nimeuza nini?"

"Majina."

"Sijauza, mwaitu."

Akaomba aone meseji yangu. Alisoma. Ni meseji fupi, lakini aliishika kwa muda mrefu. Kisha aliniuliza ile daftari ya zamani iko wapi. Nikamwambia iko juu ya kabati, kwa nini? Akasema anauliza tu. Akanirudishia simu.

Alijaribu kunieleza. Alisema majina yaliyo kwa programu yamefungwa, kila kikundi na ufunguo wake, na hakuna mahali yametoka, na yeye anaweza kuona kama yangetoka. Nilimsikiliza mpaka mwisho na sikuelewa. Mtu ambaye hakusoma sana, akikosa kuelewa, anadhani anafichwa. Mimi nilidhani hivyo. Nilimwambia sawa, nikaenda kulala, na sikulala.

Nilikuwa nawaza hivi. Akiweka sahihi na shirika, hii kitu itakuwa kubwa. Ikiwa kubwa, na iwe kweli ameuza, watamfuata wakubwa. Ikibaki ndogo, itaisha hapa kwetu kwa aibu kidogo, na aibu haifungi mtu. Niliona ni heri ife ikiwa ndogo. Hakuna mtu alinishauri. Ni mimi nilifikiria hivyo, kitandani kwangu, na ilionekana kama akili.

Jumanne tulikuwa kwa shamba la Kamene. Msichana wa shirika alikuja, jina lake Lavender, mpole, viatu vyake vikajaa vumbi na hakujali. Mwelu alikuwa amekuja naye. Tuliketi kwenye ukingo wa mtaro mpya, majembe yamelala. Lavender akasema anataka tumwambie ukweli kuhusu Zamu, nzuri na mbaya.

Kisha Kamene akanigeukia.

"Mama Mwelu, hebu kwanza tuambiwe, mimi niliuzwa bei gani? Na kama niliuzwa pamoja na huyu jirani yangu, nataka kujua ni nani aliongezwa bure."

Wakacheka. Hata jirani yake alicheka. Lavender hakuelewa, akauliza ni nini. Wakamweleza kidogokidogo, huyu neno hili, huyu lile, na wote walikuwa wananiangalia mimi, si Mwelu. Najua walikuwa wanangoja nini. Walikuwa wanangoja niseme hapana. Ningesema hapana, Kamene angetupa mzaha mwingine, na tungeanza kuchimba. Hiyo naijua leo.

Nilisimama nikasema, "Mimi ni mama yake. Nimemzaa, lakini yaliyo ndani ya hiyo kompyuta siyajui. Siwezi kuapa kwamba hajauza. Toeni hiyo kitu kwa simu zenu."

Lavender aliacha kuandika. Alimuuliza Mwelu kama ana la kusema. Mwelu aliniangalia. Sikuona hasira. Alikuwa ananiangalia vile mtu anaangalia uzito wa gunia kabla ya kulibeba.

"Mama ameongea," akasema.

Akaweka begi kando, akakunja suruali, akachukua jembe langu. Kwetu kila mtu anapimiwa kipande chake kwa hatua, hatua sita. Alichimba hatua zangu sita. Alipomaliza akachimba za mzee Ngui pia, kwa sababu mgongo wa Ngui ni mbaya. Lavender alisalimia watu wote kwa mkono, mmoja mmoja, akaenda. Tulikula isyo. Nakumbuka haikuwa na chumvi na hakuna aliyesema.

Shirika liliandika barua fupi kusema wameamua kungoja. Karani wa Masii ndiye wa kwanza kutoka, yule wa alfajiri. Alimwambia Mwelu, "Mimi sina shida na wewe, lakini hata mama yako amesema." Baada yake walikuja wengine. Kathiani, Mwala, Kangundo. Wote walikuwa na sentensi moja, hata mama yake. Sijui ilisafiri namna gani. Mimi sijawahi kufika Mwala.

Mwelu hakubishana na hata mmoja. Alichapisha rekodi za kila kikundi kwa karatasi pale kwa Hoodo, akazibana vizuri, akawatumia. Kisha akafuta majina yao mbele yao, au kwa simu, akiwaambia sasa nimefuta, angalia, hakuna kitu. Hoodo alisema aliendelea hivyo karibu wiki tatu, kama mtu anarudisha vyombo vya harusi. Mwisho wa mwezi alifunga. Programu ya miezi kumi na minne ilifungwa kwa siku moja, siku ya Ijumaa. Akaandikwa kwa kiwanda cha nguo huko Athi River. Ndiyo, aliandikwa. Niliomba na nikapewa. Anashona mifuko ya suruali, ya nyuma tu. Ya mbele inashonwa na mtu mwingine.

Sisi tulirudi kwa daftari. Nilinunua mpya.

Siku chache baada ya Zamu kufungwa, mzee Ngui alikuja kwangu. Alikuwa na simu ndogo imefungwa kwa leso. Ilikuwa ya mke wake Kalunde, ambaye alikuwa mwanakikundi na akafariki mwezi wa pili mwaka jana. Ngui huitia chaji kila wiki. Hakusema kwa nini na sikuuliza.

"Mama Mwelu," akasema, "naomba umwambie mtoto wako amtoe Kalunde. Hizi meseji za kura zinamwita jina. Nikiona jina lake kwa simu yake mwenyewe, nashtuka."

Nikachukua simu. Habari Kalunde wa Ngui wa Kisimani.

Tulikuwa na akina Kalunde wawili. Huyu mimi nilikuwa namwandika hivyo, wa Ngui wa Kisimani, ili nisimchanganye na yule mwingine. Nilikuwa namwandika hivyo kwa daftari. Alizikwa mwezi wa pili. Zamu ilikuja mwezi wa sita. Kalunde hakuwahi kuwa kwa Zamu hata siku moja.

Nilimwambia Ngui nitashughulikia. Akafunga simu kwa leso, kona kwa kona, akaenda.

Nikachukua kiti nikatoa daftari ya zamani juu ya kabati. Kwa ukurasa wa majina kulikuwa na alama ya mviringo, ya kikombe cha chai. Mimi siweki kikombe juu ya daftari.

Ndipo nikakumbuka Muema. Huyu ni kijana anayetembea na yule mtu wa kiti cha wadi. Alileta mahema wakati wa mazishi ya Musembi, jirani yangu, na viti mia moja, na hakutaka kulipwa. Siku ya pili yake alipita kwangu kushukuru kwa vile tulipika. Akauliza juu ya vikundi vya wamama. Alisema mkubwa wake anataka kusaidia na toroli, anahitaji tu orodha. Orodha ya sasa ilikuwa kwa simu na mimi sijui kuitoa humo. Nikamletea daftari ya zamani, nikaifungua mezani kwenye majina na nambari, na jina langu hapo juu, Mama Mwelu Karani. Nikaenda jikoni. Majani ya chai yalikuwa yameisha, nikamtuma mtoto wa jirani dukani, nikangoja. Nilipotoka na chai, Muema alikuwa anarudisha simu yake mfukoni. Alikunywa vikombe viwili. Alikuwa na adabu sana.

Nilikuwa nimesahau. Nani anakumbuka mgeni wa chai?

Niliketi na daftari hiyo magotini mpaka kuku wakaingia wenyewe. Ningependa kuwaandikia kwamba nilipiga kelele. Sikupiga. Nilihisi kama mguu uliokaliwa sana, unajua ni wako lakini hausikii.

Jumanne iliyofuata nilienda na daftari nikasimama mbele ya kikundi. Niliwaambia ni mimi nilipeana majina, kwa Muema, kwa mkono wangu. Niliwaonyesha alama ya kikombe. Niliwaambia juu ya simu ya Kalunde, na Ngui akatikisa kichwa kwamba ni kweli. Nilikuwa tayari kutolewa. Mtu aliyeuza kikundi hatoki hivihivi, analipa mbuzi na anakaa nje miaka miwili. Nilikuwa nimeshachagua mbuzi.

Kisha Kamene akaja akanishika bega, na hakuwa anafanya mzaha.

"Mama Mwelu, tumekusikia. Wewe unamfunika mtoto. Hata mimi ningefunika."

Nikasema sifuniki. Mwingine akasema sawa, mama, yameisha, tuchimbe. Wakainua majembe. Walinihurumia, wakaniachia kipande kilichokuwa laini.

Nilimpigia Lavender. Alinisikiliza, akaniita mama mara nyingi. Alisema anasikitika, lakini shirika limeshachukua programu nyingine ya kampuni kubwa ya Nairobi. Hiyo nimesikia haijui mvua.

Mwelu alikuja nyumbani Jumapili moja, wana siku moja ya kupumzika. Vidole vyake vilikuwa na vitobo vidogo vya sindano. Tulikuwa tunaosha vyombo nje. Nilimwambia yote, Muema, chai, daftari. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno mengi, lakini yalikwisha haraka.

"Nilijua," akasema.

"Lini?"

"Ile Jumatatu. Meseji yako ilisema Karani. Mimi kwa Zamu nilikuandika Mbinya Maundu, kama kitambulisho. Karani uko kwa daftari tu. Nikaangalia juu ya kabati ulipoenda kulala, nikaona alama ya kikombe."

"Na hukusema."

Alisugua sufuria kwa mchanga, ndani, halafu nje.

"Ningesema pale shambani wangekutoa, mwaitu. Miaka kumi na moja. Ungeenda wapi siku za Jumanne?"

Nikamwambia kitu kilichobaki. Nilimwambia nimewaambia mwenyewe, na hawakuamini, na hawakunitoa.

"Hawakukutoa?"

"Hawakunitoa."

Alisimamisha mkono kidogo juu ya sufuria. Kisha akaimwagia maji, akaigeuza, akaiweka juani na zile zingine.

Nilimuuliza kama ataanza tena. Alisema hajui, akifika nyumba anayokodisha analala tu. Saa tisa akaenda. Kompyuta hakuibeba. Iko juu ya kabati, kando ya daftari, na mimi huifuta vumbi kwa kitambaa kikavu.

Mambo ya kuepuka ni haya:

Usipeane daftari ya watu kwa mgeni, hata kama alileta mahema ya msiba. Mwambie angoje uulize wenyewe.

Ukimpa mgeni kitabu, usiende jikoni.

Usimuulize mtoto ameuza nini kabla hujajiuliza wewe umepeana nini.

Usifanye kutoelewa kwako kuwe ushahidi. Mwambie akueleze tena, hata mara tano.

Usiseme juu ya kazi yake mbele ya watu neno ambalo hujamwambia nyumbani.

Usiambie watu watupe kitu ambacho hukukitengeneza.

Usiombe kazi yake ibaki ndogo ili wewe ulale.

Usidhani utarudi kurekebisha. Neno la kwanza lilifika Mwala. La pili halikutoka hata shambani nilipolisema.

Usimwulize mtoto anayejiandika ataandikwa lini.

Usiache kompyuta yake miezi mingi bila chaji, betri inakufa. Hoodo ndiye aliniambia. Mimi huitia kila Jumamosi.